UZI: Kisu changu kilivunjika mbele ya ndafu. Niliyojifunza kwenye moto wa wahunzi wa Mamba

NyundoYaKotela (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Wanaonijua wanajua natengeneza visu kwa mkono hapa Moshi, huu mwaka wa nne. Watu wengi wananiuliza hii kazi inafanywaje, nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimwage hapa. Nitaandika kwa vipande, mkiona kimya mjue nipo kwenye moto.

Naanza na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza jamaa mmoja wa Kibosho alinipa oda ya kisu cha kukatia ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) kwenye send-off ya dada yake. Nikajituma kweli. Bapa sentimita 25, mpini wa mpingo, nikakipiga msasa mpaka ukikiangalia unajiona meno. Siku yenyewe nami nikaalikwa, nimekaa meza ya tatu, suti ya kuazima. Ndafu ikaingia na majani yake mdomoni, vigelegele, MC anajaza maneno. Mkataji akanyanyua kisu, akakipiga kwenye kiungo cha paja. Tak! Kipande kimoja kikabaki mkononi kwake, kingine kwenye mbuzi. Ukumbi mzima ulicheka wakidhani ni mbwembwe za MC. Jamaa yangu hakucheka.

Niliviomba vile vipande nikaondoka navyo mfukoni. Asubuhi navitazama, pale kilipokatikia palikuwa panametameta kama sukari guru iliyovunjwa. Sikuelewa. Nikapanda gari mpaka Himo, nikaunga mpaka Marangu Mtoni, nikafika Mamba kwa mzee mmoja mhunzi, maana wahunzi wa Mamba ndio waliokuwa wakiwafulia Wamasai mikuki na sime tangu enzi za mababu. Nikampa shikamoo, nikampa na vipande. Hata hakuvaa miwani. Akasema, "Hiki umekichoma sana, halafu hukukirudisha."

Maneno hayo ndiyo uzi wote huu. Mimi nilikuwa nadhani kisu kinatengenezwa kwa nyundo. Naendelea baadaye, kuna mteja getini.

ChaliiWaNgarenaro
Arusha tumeshafika arifu. Nimekaa mbele kabisa na karanga zangu.

Bei_Chee
Mangi, samahani, mimi naongea ukweli. Kisu Kiboriloni buku tano. Wewe nasikia unauza elfu themanini. Hicho chako kina injini?

NyundoYaKotela
@Bei_Chee hahaha. Hakina injini, kina siku mbili za mgongo wangu, mkaa, diski za grenda, msasa, gundi, na kuni ya mpini niliyoikausha miezi. Na hicho cha buku tano sikidharau. Kipo jikoni kwangu, na mke wangu anakipenda kuliko vyangu vyote. Ana sababu ya msingi, nitaieleza nikifika kwenye ndizi.

Tuingie kwenye chuma. Natumia springi za gari, zile bapabapa za Land Rover na Fuso, nazipata kwa watu wa skrepa. Springi nyingi za aina hiyo zina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, na hicho ndicho kinachofanya chuma kikubali kuwa kigumu ukikizamisha. Wazee wa Mamba hawakuhitaji namba. Gari zilipoanza kufa barabarani wao waliona springi inapinda na kurudi, wakajua hii ni mali.

Ila springi ya zamani ina siri. Imebeba mizigo miaka ishirini kwenye makorongo, inaweza kuwa na ufa ambao huuoni mpaka umeshapoteza siku nzima juu yake. Kwa hiyo kila springi mpya nakata kijiti kidogo, nakichoma, nakizamisha kwenye mafuta, nakibana kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani) na kukivunja kwa nyundo (vaa miwani, kipande kinaruka kama risasi). Ndani kikiwa kijivu laini kama kitambaa cha mahameli, chuma kizuri na moto wangu ulikuwa sawa. Kikimeta kama sukari, moto ulizidi, chembe zimekua kubwa. Ndiyo ile sukari guru ya kwenye ndafu.

KijanaWaPasua
Kaka mimi nina nondo kibao zimebaki kwenye ujenzi. Zinafaa?

FundiGrenda
Nimjibie mleta uzi maana hili la nondo linanikera. Mdogo wangu, nondo ya kawaida ina kaboni kidogo. Utaifua, itakuwa na sura ya kisu, utainoa, itakata nyanya mbili na ya tatu itaiponda. Hata uizamishe kwenye nini, haikai ngumu. Tengenezea koleo la kushikia moto, hapo inafaa sana.

Kama una grenda huhitaji maabara. Gusisha chuma kwenye diski uangalie cheche, kwenye kivuli. Nondo inatoa mistari mirefu inayokwenda mbali bila kupasuka sana. Springi, mistari inaanza kuchanua njiani. Tupa ya zamani (kile chuma chenye meno cha kunolea), ile nzuri, cheche ni fupi na zinapasuka kama fataki za mwaka mpya, kwa sababu ina kaboni asilimia moja na zaidi. Ukiangalia mara kumi jicho linakariri.

Na nyongeza moja muhimu kuliko yote: usitie motoni bomba au bati lenye zinki. Ule moshi mweupe utakulaza na homa na baridi usiku kucha. Mimi ulinilaza.

Mpare_Halisi
Natamani nikae kimya ila siwezi. Wachaga mnajisifu na Mamba, chuma chenyewe mlikuwa mnakitoa wapi? Kwetu! Ugweno, Upare Kaskazini. Ukoo wa Washana ndio wahunzi wenyewe, wanakusanya ule mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito, wanauyeyusha, nyinyi mnakuja kununua. Enzi zile Washana hawakuwa mafundi tu, walikuwa wanatawala Ugweno kabla Wasuya hawajawapindua. Mheshimu mwenye malighafi.

NyundoYaKotela
@Mpare_Halisi hili nakubali bila kona kona. Hata mzee wangu anasema chuma cha zamani kilitoka kwa Wagweno. Ila mlituuzia kwa bei ya Kipare, kwa hiyo hakuna deni.

Omwami_Bukoba
Wakati mnagombania mchanga, sisi Buhaya tulikuwa tunayeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita, tena kwa tanuri linalopasha hewa joto kabla haijaingia kwenye moto. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walikuja wakakaa na wazee wetu na kuliandika mwaka 1978. Ni hayo tu.

ChaliiWaNgarenaro
Nilijua tu Mhaya atatokea 😂

NyundoYaKotela
Turudi kiwandani. Kiwanda ni neno kubwa, ni banda la mabati nyuma ya migomba. Mzee wa Mamba anatumia mivuo ya ngozi ya mbuzi, mjukuu anaipiga kwa mikono miwili, kushoto kulia, na mdundo wake ukiusikiliza unaweza kulala. Mimi natumia drayeri ya saluni iliyoungua waya wa joto, feni inafanya kazi. Imefungwa kwenye bomba linaloingia chini ya mkaa. Fuawe langu, yaani chuma cha kufulia juu yake, ni uma wa foklifti nilioununua kwa risiti. Msije mkanunua kipande cha reli mtaani, utaeleza polisi mpaka kesho.

Kufua kwenyewe sitakaa sana hapo. Chuma kikiwa cha rangi ya chungwa unapiga, kikififia unarudisha motoni. Ukipiga kilichopoa unakipasua. Unaanza na ncha, kisha makali, na ukishapiga upande wa makali bapa litajipinda kama ndizi kuelekea mgongoni, hivyo wajanja wanalipinda kwanza upande wa pili. Mtu yeyote mwenye subira anajifunza hili kwa wiki chache.

Kazi inaanza ukimaliza kufua. Chuma kilichopigwa kina hasira. Nakipasha mara tatu, kila mara moto unapungua kidogo, nakiacha kipoe chenyewe hewani, sikigusi. Mzee anaita kukipumzisha. Chembe zilizokua zinarudi kuwa ndogo.

Halafu unasubiri jioni. Siyo ushirikina. Rangi ya moto ukiitazama juani inakudanganya, unadhani bado kumbe umeshakichoma. Ndivyo nilivyofanya kwenye kile kisu, saa saba mchana, nje, jua la Moshi mnalijua. Siku hizi nafunga mlango wa banda na nina sumaku ya spika imening'inia kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Unagusa, inashika, unarudisha motoni. Unagusa, inashika. Unagusa... inateleza kama haijawahi kukifahamu. Hapo napandisha kidogo tu, rangi inatoka kwenye wekundu wa damu inakuja wekundu wa nyanya iliyoiva vizuri, sawasawa kuanzia mpini hadi ncha, na kinaingia kwenye mafuta.

Mafuta ni ya alizeti, lita tano kwenye bomba refu lililozibwa chini. Nayapasha kwanza kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto, yawe kama maji ya kuoga ya moto sana. Yakiwa baridi ni mazito, hayakipoozi chuma haraka. Kisu kinaingia wima, ncha kwanza, unakisogeza juu na chini. Ukikitikisa kushoto kulia kinatoka kimepinda. Kuna moto utawaka juu ya mafuta, usishtuke, uwe na kifuniko. Maji yakae mbali kabisa.

Baada ya hapo chukua tupa, pitisha kwenye makali. Ikiteleza kama unakwaruza chupa, umefaulu. Na kisu ulichoshika wakati huo ni kioo. Kikianguka sakafuni kinaweza kupasuka. Mimi wakati ule niliishia hapa, nikakinoa, nikakipeleka send-off.

Mama_Mtori
Mwanangu pole kwa ile aibu, ila simulizi yako imenichekesha mpaka nimeunguza vitunguu. Sasa hiyo "kukirudisha" ndiyo nini?

NyundoYaKotela
Shikamoo mama. Kukirudisha ni kukipasha tena, moto mdogo, ili kipunguze ugumu kidogo na kupata uvumilivu. Ukikisugua msasa kiwe cheupe kwanza, utaona rangi zikitembea juu yake zenyewe. Inaanza rangi ya nyasi kavu, inakuwa kahawia, zambarau, kisha bluu. Kisu cha jikoni nakiachia kwenye nyasi kavu. Ukifika bluu, nyuzi 300 hivi, umetengeneza springi tena, inapinda vizuri ila makali hayakai.

Mzee anafanya kwa kuweka mgongo wa kisu juu ya chuma kinene chenye moto na kutazama rangi zikipanda kuelekea kwenye makali. Anakitoa kabla mtu mwingine hajaona kitu. Mimi sina macho hayo, natumia oveni ya keki ya mke wangu. Nyuzi 200, kwa muda wa saa mbili, kinapoa, kisha saa mbili nyingine. Na inafanyika siku hiyohiyo, usilaze kisu kibichi hadi asubuhi, kinaweza kujipasua chenyewe usiku.

Mara ya kwanza sikukifuta vizuri yale mafuta. Keki ya kipaimara ya mtoto wa jirani ilinukia gereji. Tangu hapo nina ratiba, imeandikwa kwa maandishi ya mke wangu, imebandikwa kwenye oveni.

Mama_Mtori
Marahaba. Sasa nina lalamiko. Nilinunua kisu cha namna hiyo, sio kwako, cha fundi mwingine. Kimenoleka vizuri sana, ila nikimenyea ndizi za mtori kinakuwa cheusi, na ndizi zinapata madoa kama wino. Wateja wangu wa hotelini wanadhani ndizi mbovu. Ni chuma feki?

NyundoYaKotela
Mama, hapo sasa ndipo mke wangu anaposhinda. Siyo feki. Utomvu wa ndizi mbichi una vitu kama vya kwenye majani ya chai, vikikutana na chuma kisicho stenlesi vinafanya weusi, ni kama wino kweli. Kisu cha buku tano ni stenlesi, hakina habari. Ushauri wangu, ambao unaniharibia biashara: ndizi menya na kile cha buku tano. Cha springi tumia kwenye nyama, vitunguu, kabichi. Na usikiloweke kwenye beseni. Osha, futa, paka mafuta ya kula kidogo, weka. Baada ya miezi kitapata rangi ya kijivu chake cha kudumu na kutu haitakisumbua sana kama mwanzo.

Bei_Chee
Fundi anayekuambia nunua cha mwenzake. Sasa nimeanza kumwamini.

ChaliiWaNgarenaro
Na zile za mawimbimawimbi za YouTube? Kuna mtalii alikuwa nayo nikakaribia kulia.

NyundoYaKotela
Hizo ni vyuma viwili tofauti vilivyounganishwa motoni kwa nyundo, vikakunjwa, vikafuliwa tena. Kimoja kina nikeli. Ukimaliza unakitia kwenye asidi, ile mafundi wa elektroniki wanayochorea saketi. Chenye nikeli kinabaki kinang'aa, kingine kinakuwa cheusi. Wanaziita za Dameski, ingawa zile panga za kale zilizobeba jina hilo zilikuwa chuma kingine kabisa, cha kuyeyushwa, kilichotoka India na jirani zake. Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza ilifunguka kama kitabu. Ya pili naitumia kufungulia soda.

FundiGrenda
Ongezea kuhusu kunoa kwa grenda maana ndiko vijana wanakoua kisu kilichokwisha salimika.

NyundoYaKotela
Kweli. Kabla ya kukizamisha kwenye mafuta makali yaache na unene wa sarafu, yakiwa membamba yatajikunja au kupasuka. Unakuja kuyapunguza baada ya kukirudisha, na hapo vua glovu ushike bapa kwa vidole vitupu. Kikikuchoma, ndoo ya maji iko pembeni, chovya. Ukiona bluu kidogo tu kwenye makali, pale pameshalegea, hakuna kusali. Makali ya jikoni nayapa nyuzi kama 20 kila upande, ya bucha 25. Mwisho jiwe la kunolea la maji, taratibu.

Mipini: mpingo ni mzuri, mzito mpaka unazama majini, ila vumbi lake linawasha kifua, vaa barakoa. Siku hizi napenda zaidi mti wa mbuni. Watu huku juu waking'oa kahawa kongwe wanachoma kuni, mimi naomba mashina. Ni mgumu, umbo lake halinyooki, na ukikaushwa kivulini bila haraka una rangi ya chai ya maziwa. Ukiukausha juani unapasuka wote. Pembe za ng'ombe nachukua machinjioni. Kuna mtu alishaniletea jino la mnyama wa porini lililofungwa gazetini, nikamwonyesha barabara. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haichekeki na mimi nina watoto.

GaidiWaMlima
Waambie pia wanaowauzia wageni: kisu kinaingia kwenye begi la kupakia chini, siyo la mkononi. Nimeona mgeni pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akiagana na kisu chake kama anaagana na ndugu.

Bei_Chee
Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye. Nimechukua tupa ya marehemu baba, nikafuata maelezo yote, sumaku, kivuli, kila kitu. Mafuta sikuwa nayo nikatumia maji. Nikasikia "ting". Ufa kuanzia kwenye makali hadi katikati.

NyundoYaKotela
Pole sana mangi. Ule mlio kila fundi anaujua na tumbo linauelewa kabla ya kichwa. Maji yanapooza haraka mno, kwa bapa jembamba mafuta ni salama zaidi. Na meno ya tupa uliyaondoa? Kila jino ni mahali pa ufa kuanzia. Lakini hicho kipande usitupe. Kata chini ya ufa, anza upya, utapata kisu kidogo cha kumenyea. Kuna tupa nyingine ya mzee?

Bei_Chee
Ipo moja. Nitanunua alizeti.

Mama_Mtori
Na yule kijana wa Kibosho mliishiaje?

NyundoYaKotela
Nilimtengenezea kingine bila malipo, baada ya miezi minane na visu kama kumi na tano nilivyovivunja mwenyewe kwenye jiliwa. Nikampelekea nyumbani. Hakunikaribisha ndani. Akaenda jikoni akarudi na shingo ya mbuzi, akaiweka juu ya gogo uani, akapiga mara tatu kwa nguvu zake zote mbele yangu. Akainua kisu, akakigeuza polepole juani kutafuta pengo kwenye makali. Akakipitisha kwenye nywele za mkono. Kisha akanitazama akasema, "Na ala yake iko wapi?"

ChaliiWaNgarenaro
Ala ya ngozi bei gani arifu?